Kabla Hujang'oa Injekta, Uliza Kilichokufa ni Nini

Gari dogo la petroli likizima kati ya Arua na Koboko, hukumu yake haichukui muda. Linavutwa hadi gereji iliyo karibu, boneti inafunguliwa, waya zinatikiswa, plagi zinatolewa na kupanguswa, na jua likianza kushuka fundi anatoa pendekezo: tung'oe injekta hizi, tufunge kabureta, yaishe. Pendekezo hilo lina mvuto. Kabureta ni kitu cha kushikika. Ukiifungua unaliona boya, unaiona sindano, unaziona jeti, na ukipuliza unajua tundu lipi limeziba. Waya na kompyuta havionyeshi maradhi yake kwa macho. Mwenye gari naye, ambaye abiria wake wamekwisha kupanda gari jingine, yuko tayari kukubali lolote litakaloifanya injini ingurume kabla ya giza. Makala haya yanamwomba asikubali upesi. Kuigeuza injini ya injekta iwe ya kabureta ni kutoa dawa kabla ya kupima, na ukishapima, mara nyingi unakuta dawa hiyo haikuhitajika. Ipo hali ambayo kazi hiyo ina maana, na nitaieleza mbele, lakini ni hali ya magari machache kuliko yanayofanyiwa.

Tuanze na jinsi injini inavyokula. Petroli haiungui vizuri peke yake; inataka hewa, kwa kipimo cha takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kabureta inakisia kipimo hicho kwa mvuto wa hewa: hewa inapopita kwenye koo jembamba inanyonya petroli kupitia jeti, na ukubwa wa tundu la jeti ndio unaoamua kiasi. Mfumo wa injekta haukisii. Pampu inasukuma petroli kwa nguvu hadi kwenye injekta, sensa zinapeleka habari za hewa, joto na mwendo, na kompyuta inaamua injekta ifunguke kwa sehemu ngapi za sekunde. Hata hivyo mifumo yote miwili inaihudumia injini ileile, na injini hiyo ina mahitaji yaleyale: petroli, hewa, cheche ya plagi, mgandamizo ndani ya silinda, na kila kimoja kije kwa wakati wake. Kabureta inabadilisha njia ya petroli tu. Kama kilichokufa ni cheche, au mkanda wa taimingi umeruka meno, au valvu zimeungua, utafunga kabureta mpya juu ya injini iliyo mgonjwa kama jana.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa sababu kwenye injini ya injekta cheche na petroli vimefungwa kamba moja. Chukua Toyota Corolla AE100, ile ambayo Waganda huiita Kikumi, yenye injini ya 5A-FE. Ndani ya distribyuta kuna koili ndogo inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Koili hiyo ikikatika, kompyuta inadhani injini imesimama, na kwa usalama inazuia cheche na petroli vyote viwili. Fundi anatoa mpira wa mafuta, anaona injekta hazimwagi, anatangaza kwamba mfumo wa injekta umekufa. Kumbe mfumo uko hai na unatii amri. Kilichokufa ni waya mwembamba ndani ya distribyuta. Vivyo hivyo kwa kifaa cha kuwashia cheche: kikiacha kurudisha ishara kwa kompyuta, injekta zinafungwa. Kwa maradhi ya namna hii kabureta haisaidii lolote, kwa kuwa hata yenyewe itahitaji cheche.

Pingamizi la kwanza linakuja hapa: huku kwetu si kila gereji ina mashine ya kusoma makosa ya kompyuta, kwa hiyo kupima kutafanyika vipi? Jibu ni kwamba Toyota nyingi za miaka ya 1990, ambazo ndizo zinazoletewa wazo la kabureta zaidi, hazihitaji mashine. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko, na upande wa ndani wa kifuniko yameandikwa majina ya matundu. Tafuta tundu la TE1 na tundu la E1, yaunganishe kwa kipande kifupi cha waya, kisha washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo kwa mwendo mmoja, kompyuta haina kosa ililoandika. Ikikonyeza mara mbili, ikatulia kidogo, ikakonyeza tena mara mbili, hiyo ni namba 22, sensa ya joto la maji. Mara moja kisha mara mbili ni 12, ishara ya mzunguko kutoka kwenye distribyuta. Namba 14 ni cheche. Namba 31 ni sensa ya hewa, na namba 41 ni sensa inayofuata mguu wako kwenye kikanyagio cha mafuta. Mkiwa hapohapo, ondoeni waya kwenye matundu hayo, muunganishe tundu la FP na tundu la +B huku swichi imewashwa: pampu iliyo nzima italia ndani ya tanki, na mpira wa mafuta karibu na injini utakuwa mgumu mkononi. Kipande cha waya na dakika 10 vinatosha kwa yote hayo. Fundi ambaye hajafanya hivyo hajafikia mahali pa kusema mfumo umekufa.

Kompyuta, bila shaka, haioni kila kitu. Sensa ya joto la maji inaweza kudanganya bila kuandika namba yoyote: injini ina moto, nayo inasema bado ya baridi, na kompyuta inaendelea kumimina petroli ya asubuhi hadi moshi mweusi unatoka na tanki linaisha njiani. Mita ya umeme ya kawaida inaukamata uongo huo. Sensa ya Toyota yenye afya inaonyesha takriban omu 2,000 hadi 3,000 maji yakiwa baridi, na takriban omu 300 yakifika nyuzi 80. Mpira mwembamba unaopeleka mvuto kwenye sensa ya hewa nao ukipasuka unaleta dalili hizohizo, na kuubadilisha ni kazi ya kisu na dakika tano. Waya wa ethi uliolegea kwenye bloku ya injini unaifanya kompyuta ionekane kichaa. Ninavitaja vitu hivi vidogo kwa sababu ndivyo vinavyoyapeleka magari kwenye kabureta. Mtu anang'oa mfumo mzima kwa ajili ya kipande cha mpira.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mafuta yetu ni machafu, na injekta haziwezi uchafu. Ni kweli kwamba eneo letu la Nile Magharibi lina historia yake na mafuta. Kwa miaka mingi vijana waliojulikana Arua kwa jina la Opec waliuza kwenye madebe na chupa kando ya barabara petroli iliyovuka mpaka kutoka Kongo, na desturi ya kununua lita mbili tatu kwa chupa ingalipo. Petroli iliyohamishwa kutoka dumu hadi dumu inabeba maji, kutu na vumbi, na iliyochanganywa na mafuta ya taa inaifanya injini igonge na plagi zijae masizi. Lakini tazama tatizo liko wapi hasa. Maji na kutu vinaziba jeti za kabureta kama vinavyoziba injekta, tena vinatua kwenye bakuli la boya na kukaa humo. Mafuta ya taa yanagonga injini ya kabureta bila huruma. Kinachoiua pampu ya injekta, zaidi ya uchafu wenyewe, ni tanki lililo karibu tupu siku zote. Pampu hiyo imekaa ndani ya petroli na inapozwa na petroli ileile. Ukiendesha mwezi mzima kwa lita mbili mbili, inafanya kazi bila maji ya kuoga, na inavuta takataka zote zilizolala chini ya tanki. Tiba ya haki ni kuliteremsha tanki na kulisafisha, kubadilisha chujio la mafuta, kisha kuweka desturi ya kutoiruhusu petroli ishuke chini ya robo. Gharama hiyo utailipa hata ukifunga kabureta, kwa sababu tanki ni lilelile.

Kisha kuna jambo la milima, ambalo halisemwi sana gereji na ambalo linaihusu Nile Magharibi moja kwa moja. Daraja la Pakwach liko takriban mita 620 juu ya usawa wa bahari; Arua iko takriban mita 1,200. Gari linalotoka Kampala linashuka hadi mto Nile kisha linapanda karibu mita 600 kabla ya kufika Arua. Hewa inakuwa nyepesi kadiri unavyopanda: Arua shinikizo lake ni takriban asilimia 87 ya lile la Mombasa, gari lilikoteremshwa melini. Sensa ya hewa inalihisi badiliko hilo na kompyuta inapunguza petroli bila dereva kujua. Kabureta haina habari. Tundu la jeti ni lilelile, hewa imepungua, kwa hiyo iliyopangwa kwa ajili ya pwani itamwaga Arua petroli inayozidi kwa takriban asilimia tano au sita, hadi mtu abadilishe jeti. Ukiipanga Arua nayo, itakuwa na njaa kidogo ukishuka Pakwach. Kwa gari linalozunguka mjini hilo si kubwa. Kwa gari la biashara linalokwenda na kurudi, ni fedha.

Tuihesabu fedha hiyo kwa mfano. Arua hadi Koboko ni takriban kilomita 55, kwenda na kurudi 110. Tuseme gari lilikuwa linakwenda kilomita 12 kwa lita, na baada ya kabureta iliyofungwa kwa kukisia linakwenda 10. Safari moja iliyokula lita 9.2 sasa inakula lita 11. Kwa safari 25 za mwezi tofauti ni takriban lita 46. Weka hapo bei ya petroli ya leo mjini kwenu, zidisha kwa miezi sita, kisha ulinganishe na bei ya pampu iliyotumika au sensa moja. Hesabu hiyo ifanyike kabla ya spana kuguswa. Wahenga walituachia neno fupi kwa mambo ya namna hii: rahisi ghali.

Na kazi yenyewe si rahisi kama inavyoelezwa. Pampu ya injekta inasukuma kwa takriban paundi 40 kwa inchi ya mraba, zaidi ya upepo wa tairi la gari dogo. Sindano ya kabureta inavumilia paundi 3 hadi 5. Ukiiacha pampu ileile, petroli inaishinda sindano, inafurika na kumwagika juu ya injini yenye moto. Hivyo ndivyo gari linavyoungua likiwa na watu ndani. Lazima iwepo pampu ya shinikizo dogo. Pili, kwenye injini ya injekta kompyuta ndiyo inayoisogeza cheche mbele kadiri mwendo unavyoongezeka. Distribyuta ya 5A-FE haina vyuma vya kujisogeza yenyewe, kwa hiyo ukiiondoa kompyuta unahitaji distribyuta ya injini ya kabureta, yenye mizani yake ya ndani na ngoma yake ya mvuto. Ukikosa, injini itakuwa nzito mlimani na itachemka. Tatu, manifoldi ya hewa nayo ni nyingine. Bati lililochongwa na kuunganishwa kwa gundi linavuja, na injini inayovuja hewa haitulii. Nne, gia za otomatiki zinaisoma kebo au sensa ya kikanyagio. Ukiivuruga, zitabadilika kwa kishindo na klachi zake za ndani zitaungua. Tano, na hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote, boksi la chujio la hewa halilingani na kabureta, hivyo wengi wanaliacha wazi au wanalifunga kitambaa. Kwa vumbi jekundu la barabara zetu za udongo, injini inayovuta hewa bila chujio inajisaga pete na silinda yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu walikwenda na Peugeot 504 na Land Rover za kabureta, wakafika Yei, wakafika Aru, wakarudi. Ni kweli, na heshima yao iko palepale. Lakini magari yale yalizaliwa na kabureta: manifoldi yake, pampu yake, distribyuta yake na chujio lake vilichorwa pamoja na watu waliovipima. Gari lililogeuzwa gereji halina ukoo huo; ni viungo vya magari matatu vilivyokutanishwa. Tena, wazee wale walikuwa na spea. Katika miaka ya 1990 watengenezaji wa Japani waliiacha kabureta kwenye magari madogo hatua kwa hatua, na marekebisho ya 2018 ya Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani yalipiga marufuku kuingiza Uganda magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Maana yake ni kwamba magari yanayoingia sasa ni ya injekta, na kabureta ya gari utakayoipata ni ya injini iliyokufa zamani au ni ya kuigwa. Sensa na pampu za injekta, kwa upande wa pili, zinazidi kujaa sokoni kila mwaka kwa kadiri magari hayo yanavyozeeka na kuchinjwa spea. Anayegeuza leo anatoka kwenye soko linalokua na kuhamia kwenye soko linalokauka. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Pingamizi la mwisho ni la barabarani: ukivuka Oraba kuelekea Kaya na mbele, au ukiingia Kongo kuelekea Ariwara, kabureta inaweza kufunguliwa chini ya mwembe na kupulizwa kwa mdomo, na hata fundi wa boda anaielewa, maana Bajaj Boxer anazozitengeneza kila siku zina kabureta. Hoja hii ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Lakini mzigo wa anayesafiri na injekta si mkubwa: pampu moja iliyojaribiwa, rilei na fyuzi zake, mpira wa mvuto, kipande cha waya cha kusomea namba, na mita ndogo ya umeme, vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja chini ya kiti. Na kwenye mashimo na miinuko mikali, boya la kabureta linayumba pamoja na petroli yake, injini inafurika au inakosa. Injekta haijali gari limeinama upande gani.

Basi ni gari lipi linalofaa kugeuzwa? Ni gari la zamani ambalo kompyuta yake au waya zake zimeungua kweli, limepimwa likathibitika, kompyuta iliyotumika imetafutwa ikakosekana au bei yake inakaribia bei ya gari, na injini yake ina ndugu wa kabureta aliyetoka kiwandani. 4A-FE ina ndugu yake 4A-F. 5A-FE ina 5A-F. 3S-FE ina 3S-FC. 2E-E ina 2E. Hapo usinunue kabureta peke yake. Nunua kutoka kwa ndugu huyo seti nzima: manifoldi, kabureta, distribyuta, koili, pampu, boksi la hewa na kebo zake. Gia ziwe za mkono. Kazi ikiisha, jeti zipangwe Arua hapahapa, plagi zitazamwe baada ya kilomita 50: rangi ya kahawia ni njema, nyeusi yenye masizi ni petroli iliyozidi, nyeupe ni njaa na joto. Kama injini ni ya VVT-i, kama ile 1NZ-FE ya Probox, isiyo na distribyuta na ambayo hata muda wa valvu unaamuliwa na kompyuta, kata shauri mapema: isiguswe na kabureta.

Kwa gari lingine lolote, mwenye gari ana silaha moja, nayo ni swali. Fundi akisema tufunge kabureta, mwulize: kilichokufa ni nini? Akitaja kitu kwa jina, akakuonyesha namba iliyokonyezwa na taa au kipimo kwenye mita, mna la kuzungumza, na huenda kitu hicho kinanunulika. Akijibu kwamba mfumo tu ni mbovu, hajapima. Mlipe kazi ya siku, mshukuru, na utafute atakayepima. Na kama baada ya yote haya bado umeamua kugeuza, usiondoke gereji bila gunia lenye kila kilichong'olewa: injekta, kompyuta, sensa, na waya zote zikiwa nzima, zimefunguliwa kwenye soketi zake wala hazikukatwa kwa koleo. Waya zilizokatwa hazirudi. Zilizo nzima zinasubiri fundi atakayefika na kipande cha waya mfukoni, akafungua kile kiboksi cheusi, na kuisoma taa.